Vali Haikulia

Siku ya tatu ya msiba, meneja wa dobi kubwa alikuja na karatasi iliyopigwa chapa. Akavua miwani ya jua, akavaa ya kusomea, akakohoa kidogo, akasoma mbele ya watu waliokaa kwenye viti vya kukodi: "Kampuni inatoa pole kwa familia. Marehemu alikuwa mfanyakazi wetu kwa miaka kumi na tisa. Tunapenda kuwahakikishia ndugu, jamaa na majirani kwamba siku ya ajali marehemu hakuwa amelewa."

Haya, niambie wewe. Nani alikuwa amesema alilewa?

Hakuna. Mpaka dakika ile watu wote pale walijua jambo moja tu: boila la dobi lilipasuka Alhamisi asubuhi, likamuua mpishi wa mvuke, likamuunguza miguu mama mmoja wa pasi. Basi. Lakini karatasi ilipokunjwa, shingo zikageuka. Jirani wa mlango wa pili akamwinamia mwenzake, na kwa sauti ile ya watu wanaodhani wananong'ona akauliza, "Kwani alikuwa anakunywa?" Lisemwalo lipo, kama halipo laja, na hili lilikuja limepanda gari la kampuni.

Mdogo wake marehemu alikuwa amekaa karibu na mlango, mikono mapajani. Alisikia yote. Kitu pekee alichokiona ni kwamba meneja alikuwa ameikunja ile karatasi mara tatu na kingo hazikukutana. Kazini, palepale dobi, walimwita Mstari, kwa sababu miaka kumi na moja alikuwa anakunja mashuka ya hospitali na ya nyumba za wageni, na shuka likipita mikononi mwake linatoka limenyooka utadhani limepigwa rula. Akatamani kuinuka amnyang'anye meneja ile karatasi aikunje upya. Huzuni haikuja. Hasira haikuja. Tangu Alhamisi alikuwa anakaa ndani ya mwili wake mithili ya mgeni aliyefika nyumba isiyo na mwenyewe, anangoja mtu atokee amkaribishe.

Watu walipopungua, mama yao alimwita chumbani.

"Yule bwana kwa nini alisema vile?"

"Sijui, mama."

"Mwanangu hata soda ilikuwa inamuumiza tumbo. Nani kamwambia habari za ulevi?"

"Sijui."

Mama alimtazama binti yake kwa muda. Watu walikuwa wameshaanza kusema kwamba yule dada mtu ni jiwe, hajatoa chozi hata la kusingizia. Mama hakulisema hilo. Alitandika kitanda ambacho kilikuwa kimeshatandikwa, kisha akaketi juu yake.

Sasa nikueleze kuhusu marehemu mwenyewe, maana bila hilo yaliyofuata hayatakuwa na mguu wala kichwa.

Pale dobi walimwita Mluzi. Mpishi wa mvuke kazi yake ni kuliwasha boila alfajiri, kulilisha maji na moto, na kupeleka mvuke kwenye mashine za kufulia na zile rola kubwa za kupigia pasi. Juu ya boila kuna vali ya usalama. Mvuke ukizidi, vali inafunguka yenyewe, inautoa nje, watu wanabaki hai. Lakini vali ni chuma, na chuma hushika kutu na kugandana. Kwa hiyo kila asubuhi, saa moja kasoro dakika tano, mpishi wa mvuke anavuta mkono wa vali kuijaribu. Ikiwa nzima, inalia: mluzi mmoja mrefu unaopenya kuta mpaka barabarani. Mwenye duka la mkate ng'ambo ya pili alikuwa anafungulia mlango kwa ule mluzi. Akina mama wa pasi wakiusikia wanafunga vilemba, wanasogea kwenye rola. Saa ya ukutani ilikuwepo, lakini nani aliitazama?

Na kulikuwa na kitabu cha zamu. Jalada la kijani, limelowa mvuke mpaka limevimba. Mpishi wa zamani, aliyemfundisha Mluzi kazi, alimwachia sheria moja ya kukiandika: andika kilichokosekana tu. Kilichopo kila mtu anakiona, cha nini kuchosha wino? Kwa hiyo siku ikienda sawa Mluzi aliandika tarehe, akapiga mstari, akafunga. Kurasa kwa kurasa, tarehe na mistari. Ofisini walimtania kwamba ana uvivu wa kalamu. Yeye alikuwa anacheka, anasema kitabu chake kikiwa kitupu watu wamekula wakashiba.

Hiyo ndiyo kazi, na huyo ndiye mtu.

Wiki ya pili barua ikaletwa nyumbani. Mkaguzi wa kazi atakaa kikao palepale dobi, kwenye ukumbi wa kukunjia, asikilize pande zote. Familia ilete mtu mmoja. Ripoti yake itabandikwa langoni, wafanyakazi wote waisome.

Mama aliirudisha barua mkononi mwa Mstari. "Nenda wewe. Sitaki uniletee maneno mengi. Niletee jibu moja. Kama mwanangu ndiye aliyemuunguza yule mama, niambie, niende hospitali nikapige magoti. Kama si yeye, niambie pia. Siwezi kukaa katikati."

"Sawa, mama."

"Mume wake yule mama alipita hapa juzi. Hakunipa mkono."

"Nilimwona."

"Basi nenda."

Asubuhi ya kikao Bi Pasi alikuja kumchukua. Huyu ndiye mkubwa wa akina mama wa rola, mdomo wake hauna breki, na hata msibani alikuwa anachekesha watu halafu anajipiga kofi la mdomo. Walitembea pamoja njia ileile ambayo Mstari alizoea kuitembea na kaka yake. Bi Pasi aliongea njia nzima. Aliongea juu ya goti lake, juu ya bei ya sabuni, juu ya mkwe wake asiyejua kufunga mlango. Mstari alikuwa anaitikia ehe, ehe. Walipofika kwenye ukuta wenye tangazo la rangi, mahali ambapo njia inapinda, miguu ya Mstari ilisimama yenyewe.

"Vipi?" Bi Pasi akauliza.

"Hapa aliniambia kitu."

"Alikuambia nini?"

Mstari alifikiri. Alikuwa nacho mdomoni, kisha kikateleza. "Nimesahau. Twende."

Ukumbi wa kukunjia ulikuwa baridi. Pasipo mvuke, ile nyumba ilikuwa inanuka saruji. Meza ndefu ya Mstari, ile aliyoilainisha kwa viganja vyake, ndiyo waliyoigeuza ya kikao. Mkaguzi alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye begi la ngozi lililochakaa na kikohozi kidogo. Aliwaambia mapema, bila kujikweza, "Mimi ni mtu wa sheria za kazi. Boila nimeliona kwenye picha. Nisipoelewa nitauliza, na mtanivumilia. Fundi wetu angetazama vali, ila nimeambiwa haikupatikana."

"Iliruka na mlipuko," meneja alisema. "Bati lote la paa lilikwenda."

Mkaguzi akaandika. Kisha akasoma maelezo aliyokwisha kuyachukua kwa akina mama wa pasi wiki iliyotangulia. Aliwauliza kama asubuhi ile walisikia dalili yoyote. Walijibu: hatukusikia kitu. Chini yake mkaguzi alikuwa ameandika: hali ilikuwa shwari hadi dakika ya mlipuko.

Bi Pasi, aliyekuwa amekaa kwenye benchi la mashahidi, alijikuna shingo. Maneno yalikuwa yake kweli. Hakuwa na la kukataa.

Halafu meneja akakifungua kitabu cha zamu. Alikishika kwa ncha za vidole kwa vile masizi yalikuwa bado hayajatoka.

"Haya ni maandishi ya marehemu mwenyewe," alisema. "Nasoma siku tatu za mwisho. Jumanne: 'Vali haikulia.' Jumatano: 'Vali haikulia. Fundi hakuja.' Alhamisi, siku ya ajali: 'Vali haikulia. Fundi hakuja.'" Akakiweka chini. "Vali ya usalama hulia mvuke ukizidi. Haikulia, maana yake mvuke haukuzidi. Fundi hakuja kwa sababu hakuhitajika. Mitambo ilikuwa salama siku zote tatu, kwa mkono wake mwenyewe. Kilichotokea baada ya hapo, tunasikitika kusema, ni mtu kusahau maji kwenye boila. Ni binadamu. Hatumlaumu."

Hatumlaumu! Sikia ulimi huo. Mtu anakukanyaga huku anakuomba radhi kwa viatu vyake.

Lakini ukiwa mgeni, mbona maneno yale yanaingia akilini vizuri tu? King'ora hakikulia, basi hakuna moto. Daktari hakuja, basi hakuna mgonjwa. Mkaguzi aliitikia kwa kichwa taratibu, kalamu ikasogea. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anasoma kama mtu yeyote ambaye hajawahi kusimama ndani ya ule ukumbi saa moja kasoro dakika tano.

Mstari alisikia sentensi zile zikipita. Jumanne. Jumatano. Alhamisi. Alizisikia kwa mbali, kana kwamba yuko chini ya maji na watu wanaongea ukingoni. Akaona mwandiko wa kaka yake kichwa chini, ng'ambo ya meza, na herufi zile zilizolalia kushoto. Akafikiria, bila maumivu yoyote, kwamba kaka yake hakuwahi kuandika maneno mengi hivyo ndani ya wiki moja.

Wazo hilo likakaa.

"Naomba kile kitabu," alisema.

Meneja akamtazama mkaguzi. Mkaguzi akakisukuma kitabu kwa kiganja. Mstari akakigeuza, akarudi nyuma ukurasa mmoja, wa pili, wa kumi. Tarehe na mstari. Tarehe na mstari. Mwezi mzima, tarehe na mistari. Mahali pamoja: "Makaa hayakutosha." Akaikumbuka siku hiyo, walikunja mashuka ya unyevu mpaka vidole vikakunjamana. Halafu tena tarehe na mistari, mpaka Jumanne ile.

"Hizi siku nyingine," akamwambia mkaguzi, "vali ililia."

"Imeandikwa wapi?"

"Haikuandikwa. Ndiyo maana najua ililia."

Mkaguzi akaiweka kalamu chini. "Nieleze pole pole."

Sasa Mstari si msemaji. Kazini alikuwa anaongea na mashuka. Lakini siku ile sauti yake ilitoka tulivu kabisa, haikutetemeka hata kidogo, mpaka Bi Pasi alisema baadaye kwamba nywele zilimsimama. Alieleza ule mkono wa vali unaovutwa kila asubuhi. Alieleza mluzi. Alieleza sheria ya kitabu: andika kilichokosekana tu. Mkaguzi alikuwa anasikiliza, lakini uso wake ulikuwa bado uko nusu njia.

"Mama," Mstari alisema, "ukija kwangu kunitembelea, nikakukaribisha chai, nikakuambia: karibu, chai yangu leo haina nzi. Utainywa?"

Benchi la mashahidi likaangua kicheko. Hata mkaguzi akatabasamu. "Nitaiangalia kwanza."

"Kwa nini? Nimekuambia haina."

"Kwa sababu nitajiuliza za siku nyingine zilikuwa na nini."

"Basi kaka yangu aliandika 'vali haikulia' kwa watu waliozoea kuisikia ikilia kila siku ya Mungu. Aliivuta, ikakataa. Imegandana. Aliandika 'fundi hakuja' kwa sababu alimwita. Huwezi kumwandika mtu kuwa hakuja kama hukuwa unamngoja."

Nje gari lilipita likirusha kokoto.

"Bi mkubwa," mkaguzi alimgeukia Bi Pasi, "uliniambia hamkusikia kitu asubuhi ile."

Bi Pasi akasimama, mkono kifuani, na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani. "Hatukusikia, mwanangu. Na tulipaswa kusikia. Uliniuliza kama kulikuwa na kitu, nikasema hakuna, maana ni kweli. Hukuniuliza kama kuna kilichopungua. Loo, na mimi sikujiuliza! Siku zile tatu Mluzi mwenyewe alikuwa anachungulia mlangoni, anaweka vidole mdomoni, anapiga mluzi. Fyuuu! Sisi tunacheka. Tukamwambia, leo boila limeota meno? Akacheka naye. Tukasogea kwenye rola, tukafanya kazi. Mama yule aliyeungua alicheka kuliko wote."

Akakaa. Akajifuta uso kwa kilemba chake.

Mstari naye alikuwa amecheka. Alijiona, Jumanne, shuka mkononi, anacheka. Alijitazama kama anavyotazama shuka lenye doa: hili hapa, la nani, lirudishwe.

"Alimwita nani?" mkaguzi akauliza. "Fundi aliitwa kwa njia gani?"

"Kupitia ofisi," Mstari akajibu. "Hana njia nyingine. Alikwenda ofisini Jumanne mchana akiwa na aproni, nilimwona akipanda ngazi. Akarudi akachochea moto. Mashuka ya hospitali yalikuwa yamerundikana mpaka mlangoni."

Wote wakamtazama meneja.

Nisimwonee. Hakuwa shetani. Alikuwa mtu aliyeahidi hospitali mashuka, akaambiwa fundi atapatikana wiki ijayo, akasema ngoja kidogo, siku mbili tatu hazina shida. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na matumbo yaliyoumia hayakuwa yake. Kipara chake kilikuwa kinameta. Alitafuta leso, akakosa, akatumia mkono.

"Haya ni maneno tu," alisema. "Kitabu kinaweza kusomwa vyovyote. Bila vali yenyewe hakuna la kuthibitisha. Na hakuna mtu aliyeificha hiyo vali."



Mkaguzi alikuwa ameinama anaandika. Kalamu ikasimama. Akainua kichwa taratibu.

"Nani kasema imefichwa?"

Meneja alifungua mdomo.

Mkaguzi hakusaidia. Hakurudia swali, hakuligeuza, hakukohoa. Aliunganisha vidole vyake juu ya meza ya Mstari, akangoja. Alingoja mpaka tone la maji likadondoka kutoka bomba la zamani, na jingine. Mstari aliutazama ule ungojaji. Kitu fulani kifuani mwake kiligeuka upande. Aliwahi kulisikia swali lile hivi karibuni. Aliwahi kuliuliza yeye mwenyewe, kwa mdomo wake.

Nani kasema?

"Iko stoo," meneja akasema hatimaye, kwa sauti ya mtu aliyeketi chini baada ya safari. "Nyuma ya madumu ya sabuni."

Wakaenda wote. Vali ilikuwa imeviringishwa taulo la hospitali, na hata kwenye hali ile Mstari aliona kwamba taulo limekunjwa vibaya. Mkaguzi aliuvuta mkono wa vali kwa mikono miwili. Akamwambia dereva wake avute. Akamwambia meneja avute. Kutu ilikuwa imeushika shingoni, nyekundu, nene. Haukusogea. Ndipo meneja akakiri kwamba marehemu alimpelekea habari siku zote tatu, naye akamwambia aendelee na kazi.

Waliporudi mezani mkaguzi alichukua karatasi safi. "Nitaandika ripoti usiku huu," alisema, "lakini mstari wa kwanza nauandika sasa, ili familia iondoke nao." Akaanza: Marehemu hakuwa mzembe.

"Hapana," Mstari akasema. "Samahani, mama. Usiandike hivyo."

"Lakini ndivyo tulivyoona."

"Walikuja nyumbani wakatusomea hakuwa amelewa. Tangu siku hiyo majirani wananiuliza alikuwa anakunywa nini. Ukibandika langoni kwamba hakuwa mzembe, watu watasoma uzembe. Andika alichofanya."

Mkaguzi akairudia karatasi yake. Kisha akakata ule mstari, akaandika upya, akausoma kwa sauti: "Mpishi wa mvuke aliijaribu vali kila asubuhi, aliitolea taarifa siku tatu mfululizo, na aliamriwa kuendelea na kazi."

"Hivyo," Mstari akasema. Akaomba ile karatasi, akaikunja mara tatu. Kingo zikakutana.

Alirudi peke yake. Bi Pasi alitaka kumsindikiza, akamwambia asijali. Jua lilikuwa katikati, vivuli vifupi. Kwenye ukuta wenye tangazo la rangi, njia inapopinda, miguu ikasimama tena, na safari hii neno halikuteleza.

Alhamisi, saa kumi na moja na nusu alfajiri. Kaka yake alikuwa upande wa barabara, kama kawaida, yeye upande wa ukuta. Alikuwa anamsimulia juu ya kiatu chake kilichoachia soli na fundi viatu aliyetaka kumlaghai. Kaka yake alikuwa kimya. Halafu, bila kuulizwa, bila chochote, akasema: "Mimi siogopi, mdogo wangu."

Naye akasema, "He! Nani kasema unaogopa?"

Akaendelea na habari za kiatu.

Hakungoja hata hatua moja. Kaka yake alicheka kidogo kwa pua, akampokea mkoba wake akambebea mpaka langoni, jambo ambalo hakuwa na desturi ya kulifanya.

Nyumbani mama alikuwa uani, amekaa kwenye kigoda, beseni mbele yake. Alikuwa anafua aproni ya Mluzi, ile ya akiba, ambayo ilikuwa safi tangu mwanzo. Mstari akampa karatasi. Mama hakujua kusoma vizuri bila miwani, kwa hiyo Mstari akamsomea. Mama akasikiliza mpaka mwisho, akaomba arudiwe, akarudiwa.

"Kwa hiyo si yeye."

"Alisema, mama. Siku tatu alikuwa anasema. Aliamriwa."

Mama alifumba macho, akayafumbua. Alikausha mikono yake kidole kimoja kimoja. "Kesho nitakwenda hospitali hivyohivyo," alisema. "Nitakwenda nikiwa nimesimama. Nikamwone mama wa watu." Kisha akarudi kwenye aproni. Maji yalikuwa yanalia chubwi, chubwi. Mstari akaketi kwenye ngazi ya mlango. Kuku wa jirani akapita. Hakuna aliyeuliza kitu tena, jibu lilikuwa limeshafika.

"Mimi sina neno, mama," Mstari akasema.

Mikono ya mama ikasimama ndani ya beseni.

"Nani kasema unalo?"

Aliitoa aproni majini, akaiweka kando bila kuikamua. Akageuza kigoda chake mpaka magoti yake yakaelekeana na ya binti yake. Akangoja. Hakumwambia lia, hakumwambia jikaze. Maji yalimwagika kutoka kwenye aproni yakachora njia kwenye vumbi, yakafika miguuni pao, na mama alikuwa bado anangoja.

"Aliniambia haogopi," Mstari akasema. Sauti ilikatika katikati, ikamshangaza mwenyewe. "Njiani, mama. Alhamisi. Aliniambia haogopi, na hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza."